Mlangoni mwa Chekechea, Shangazi Hataki Mzazi Atoroke

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa chekechea uko wazi nusu na Shangazi anachuchumaa kwenye kizingiti. Magoti yanalia, naye anayakemea: "Tulieni ninyi, leo si zamu yenu."

Mbele yake amesimama msichana wa miaka minne, kidevu kifuani, mkono umeng'ang'ania sketi ya mama yake. Nyumbani wanamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Hapa, kumtoa neno moja ni kazi.

"Wasiwasi umekaa wapi leo?" Shangazi anamuuliza.

Chiriku anagusa tumbo.

"Ahaa. Unafanya nini humo?"

"Unaruka."

"Basi weka mkono hapo, na mimi niweke wangu. Hatuufukuzi. Tunaushika tu mpaka uchoke."

Mama yake anatazama barabara. Ni mshonaji katika kiwanda cha nguo. Kazi yake ni kushona mifuko ya suruali. Mwezi huu ameacha cherehani mara tatu kuja kumchukua mtoto aliyelia mpaka akatapika. Msimamizi amemwambia wazi kwamba akitoka tena, nafasi yake anapewa mwingine. Kazi ikienda, Chiriku atapelekwa kuishi kwa bibi yake, mbali, na mama atabaki mjini kutafuta kibarua.

Shangazi hana undugu na yeyote hapa. Jina alipewa na watoto. Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kufagia na kupika uji.

"Waliokuwa wanalia walikuwa wanafuata ufagio wangu," anasimulia. "Nikienda huku, wako huku, kama vifaranga. Mwalimu mkuu akaniambia, mama, hebu acha ufagio, ukae na hawa."

Mshahara ulibaki wa mfagiaji. Ukimuuliza ni kiasi gani, anacheka. "Unafika Ijumaa. Jumatatu ukiutafuta, umeshahama."

Shangazi hamwambii mtoto asilie. Wala hamwambii kwamba mama anakuja sasa hivi. "Sasa hivi ya mtu mzima inaweza kuwa jioni," anasema. "Mtoto anachungulia dirishani, haoni mtu. Kesho atakuamini vipi?" Badala yake humpa mpangilio wa siku: uji, michezo, hadithi, chakula, kulala, mama.

Kwa Chiriku, mpangilio huo ulimponyoka Shangazi.

"Nilimwambia, ukishalala tu, ukiamka, mama huyo," anasema, akijishika kichwa. "Kesho yake kaingia, hajasalimia mtu, kavuta godoro lake, kalala na viatu. Saa mbili asubuhi! Kafumba macho hivi, kwa nguvu. Wenzake wanapiga kelele, 'Shangazi, Chiriku mgonjwa!' Na mimi nikacheka. Halafu nikaona machozi yanapita chini ya kope."

Chiriku aliinuka na kuuliza, "Nimeshalala. Mama yuko wapi?"

Mchana ulikuwa mgumu zaidi. Wenzake walipolala, yeye aligaagaa. Usingizi ulivyokataa, ndivyo alivyozidi kulia. Siku ambayo mama yake alichelewa, Chiriku alimnong'oneza Shangazi: "Ni mimi. Sikulala vizuri."

"Hapo nilikaa chini," anasema Shangazi. "Kumbe mtoto amejitwisha kazi ya kumleta mama yake. Nikamwambia, mwanangu, nilikueleza vibaya. Kulala kwako hakumleti mama. Mama analetwa na miguu yake, kazi ikiisha."

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeuziwa nazi mbovu. Hakuamini.

Ndiyo maana asubuhi hii Shangazi anamzuia mama asitoroke wakati mtoto ameangalia pembeni.

"Muage. Mwambie unakwenda kufanya nini."

"Shangazi, akilia nitarudi. Najijua."

"Ukisikia kilio, simama pale kona, ulie na wewe, upanguse uso, uende. Huku tutalia sisi."

Mama anainama. "Nakwenda kushona mifuko. Nikimaliza nakuja. Ulale, usilale, nakuja."

"Nikicheza tu?"

"Ukicheza tu, nakuja."

Anaondoka. Chiriku analia kwa sauti ya kutosha nyumba tatu. Shangazi hamnyamazishi, anakaa naye sakafuni mpaka kilio kinageuka kwikwi, na kwikwi inageuka swali: "Uji una sukari?"

Mchana, magodoro yanatandikwa. Chiriku analala chali, macho wazi, akitazama dari kama fundi anayekagua paa. Hakuna anayemlazimisha. Kila Shangazi akipita, mtoto anamtaarifu: "Bado sijalala."

"Nimeona. Endelea."

Jioni watoto wanachukuliwa mmoja mmoja. Anabaki Chiriku peke yake. Kiwandani wamecheleweshwa, lakini hapa hakuna anayejua hilo. Mkono wake unarudi tumboni.

"Unaruka?"

"Sana."

"Na wangu pia," Shangazi anamwambia. "Tuushike wote wawili."

Mama anatokea kona akikimbia, viatu mkononi, uzi wa buluu umenasa kwenye nywele. Siku nzima hakuinuka kwenye cherehani. Chiriku hamsubiri afike.

"Mama! Sikulala hata kidogo! Na umekuja!"

Mama anakaa kizingitini palepale, anamkumbatia, anacheka huku pumzi hazimtoshi.

Shangazi anawaangalia, kisha anaanza kukunja magodoro. Ana mpango. Kabla watoto wapya hawajaanza, anataka kuwaita wazazi jioni moja wajifunze kuaga. Mwalimu mkuu amekubali kutoa darasa.

"Watoto nawaweza," anasema. "Wazazi ndio wananitoa jasho. Na wewe, mama Chiriku, utakuja kuwaeleza."

"Mimi? Niwaeleze nini, Shangazi?"

"Jinsi ulivyokuwa unatoroka kwa dirisha la nyuma."

"Mara moja tu!"

"Mara mbili," anasema Chiriku.