Mkono wa Sukari

Harufu ya raba zilizolowa umande, zikianikwa dirishani, bado hunitia kijicho.

Miaka ile sukari ilikuwa adimu Kampala. Chai tuliinywa bila sukari, na aliyekutwa ameficha gunia alichukuliwa na wanajeshi. Ndipo nikamsikia mama akimnong'oneza shangazi jikoni, "Baba watoto ana sukari. Daktari amemwambia atembee kila asubuhi." Alipogeuka akaniona. "Wewe, usiende kulisema hilo nje!"

Basi nikajua. Baba ana sukari, ameificha mahali, na kila asubuhi anaifuata kwa miguu. Na aliyechaguliwa kwenda naye ni dada yangu, yule wa kupendwa, si mimi. Kukipambazuka walifunga kamba za raba, wakashikana mikono, wakakipanda kilima cha Makindye mbiombio. Mimi nilibaki mlangoni na kikombe changu cha chai chungu. Walirudi wakihema, wakicheka jambo ambalo hawakutaka kuniambia.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nilimkamata dada uani kabla hajanawa.

"Lete mkono!"

"Upi?"

"Ule alioushika baba."

Nikakilamba kiganja chote, hadi katikati ya vidole, nikiutafuta utamu wao.

Ilikuwa chumvi tupu, jasho lake na la baba limechanganyika. Nililia kuliko siku zote tulizokosa sukari.