Mapigo Manne ya Kaka Ntandu

Wasomaji, mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, naandika polepole kama mtu anayepanda karanga, na nikifika mwisho wa mstari nasahau nilianza na nini. Makosa ya herufi yarekebisheni wenyewe, nyie mna haraka kuliko mimi.

Sijafikisha hata miaka ishirini na mitano, lakini enzi zangu ninazo. Nakumbuka tulivyohamia kijiji cha ujamaa, kule nyuma ya Ihanja, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mgunga. Ikilia, wakubwa shambani, watoto shuleni, mbuzi hawakuhusika. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele, mchana tulikula ugali wa uwele, na jioni, ili kubadilisha, ugali wa uwele na mlenda. Watoto wa siku hizi wakikosa sukari kwenye uji wanalia kama wamefiwa.

Machungani tulikuwa na mchezo wetu. Tulikata fimbo zenye kichwa kilichopinda, tukafunga matambara kuwa mpira, tukapiga kutoka kichuguu hadi kichuguu. Nilikuwa msichana wa aibu, nikisalimiwa naangalia vidole vya miguu, ila mpira nilikuwa naupiga. Mchezo huo alituachia kaka Ntandu, mtoto wa baba mkubwa, kabla hajatoroka kwenda Arusha. Huko alianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wazungu kwenye uwanja wa gofu, baadaye akapiga mwenyewe, na mwisho wakawa wanamlipa kwa kupiga. Hilo la kulipwa ndilo lililoleta taabu.

Alirudi nyumbani mwaka ule kijiji kilipolima shamba kubwa la mtama. Alikuwa amealikwa mashindano Zambia, na ili apate pasipoti ilitakiwa barua ya kijiji anakotoka. Zilibaki siku tisa. Bila barua hakuna Zambia, na jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani linamsubiri.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mughenyi, alikuwa mtu mwema mwenye tumbo na sauti. Tumbo tuliambiwa ni la uongozi. Aliitisha mkutano, akamtaka Ntandu aeleze kazi yake mbele ya wakulima. Ntandu akaeleza vizuri tu, kwa heshima, kofia mkononi.

"Katika mpira huo, golikipa ni nani?" akauliza mwenyekiti.

"Hakuna golikipa, mzee."

"Na mabeki?"

"Hakuna."

"Sasa unashindana na nani?"

"Na shimo, mzee."

Mzee Mughenyi akawageukia watu. "Shimo limemkosea nini huyu kijana?"

Watu walicheka mpaka bibi mmoja akaangusha kibuyu cha maziwa. Baba mkubwa alijifunika uso. Ikaamuliwa kwamba kazi ni ile inayoonekana, kwa hiyo kazi ya Ntandu ionekane. Angepiga yeye na mwenyekiti, kutoka kichuguu cha malishoni hadi shimo lililochimbwa ng'ambo ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Ikionekana ni kazi, barua ataandikiwa. Isipoonekana, jembe.

Mwalimu wetu wa shule alinichagua mimi kuhesabu mapigo, kwa sababu nilikuwa na vijiti vya hesabu na kwa sababu mtu asiyesema hawezi kudanganya. Ntandu alikuwa ameshanifundisha sheria: mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Wengine wote hakuna aliyeuliza.

Alianza yeye. Alitikisa kiuno kidogo, akina mama wakaguna, akapiga. Kile kipira cheupe kilipanda mpaka tukakipoteza machoni. Pigo la pili likavuka lambo. La tatu likakiacha hatua mbili kutoka shimoni. La nne ndani. Hakuna aliyepiga makofi. Ilikwisha kabla watu hawajakaa vizuri.

Mwenyekiti akavua koti. Fimbo ya kwanza ilipiga hewa, ya pili ilipiga kichuguu, ya tatu ilirusha udongo kuliko plau. Alikifuata kipira kwenye miiba, akakifuata kwenye mavi ya ng'ombe, akaingia lambo hadi magotini akatoka na matope na heshima yake. Akina mama walipiga vigelegele. Akina baba walimpelekea maji ya kunywa. Vijiti vyangu viliisha, nikaendelea kuhesabu kwa kinyesi kikavu cha mbuzi. Alipofika shimoni nilikuwa nimefikisha arobaini na moja.

Katibu akasimama na kutangaza: Ntandu amefanya kazi mara nne, mwenyekiti amefanya kazi mara arobaini na moja. Mshindi kila mtu anamwona. Na wote walikubali kwa moyo safi, maana hata shambani ndivyo tulivyopimwa, mwenye mistari mingi ndiye mchapakazi.

Mimi nilijua. Ntandu aliniangalia. Nikaangalia vidole vya miguu.

Ndipo Mzee Mughenyi, bado anahema, akatoa hukumu. "Kijana huyu ni mvivu. Mapigo manne, kachoka. Tukimpa jembe atawaambukiza wengine. Wapeni Wazambia."

Barua iliandikwa palepale juu ya mgongo wa mwalimu, ikagongwa muhuri. Ntandu alinikuta nyuma ya zizi nalia.

"Unalia nini, mdogo wangu? Ungefungua mdomo, mzee angeaibika mbele ya kijiji kizima, na mimi ningepalilia mtama mpaka uzeeni." Akanipa kile kipira.

Alipoondoka, sisi watoto tulichimba mashimo malishoni kote, tukijifanya tuko Zambia, mpaka ng'ombe wa mwenyekiti akavunjika mguu. Tulichapwa asubuhi, jioni tukala nyama. Baba alisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Tukajibu kimoyomoyo kwamba safari hii guu ni la mkuu.

Barua za Ntandu zilikuja na stempu za Zambia, Kenya, Naijeria, hata Uingereza, ambako aliandika kwamba mvua inanyesha ubavuni na watu wanaendelea kucheza. Alitueleza kwamba mashindano ni siku nne, na mapigo yote yanajumlishwa. Mwaka wa kwanza alipata mia tatu na tisa, kijiji kikashangilia, mwenyekiti akasema kumbe ameanza kujituma. Mwaka aliochukua kombe aliandika mia mbili sabini na sita tu, kombe akasahau kulitaja, au aliona aibu kama mimi. Mzee Mughenyi alitikisa kichwa kwa huzuni. "Amerudia uvivu wake." Nikanyamaza tena.

Sasa barua zimekatika, mwaka wa pili huu. Malisho yale yamelimwa alizeti, kichuguu kimesawazishwa. Watoto wanacheza mpira wenye golikipa, na kila siku wanapigana kuhusu nani awe golikipa. Ukiwaambia kuna mchezo wa mtu na shimo, peke yake, kimya, wanakuangalia kama mgonjwa. Mimi kipira ninacho. Kimekuwa cha njano kama jino, na jioni nikienda kuteka maji nakipiga mara moja, nakifuata.

Mzee Mughenyi yupo, mzima, na kila mgeni anayepita anasimuliwa jinsi mwenyekiti wetu alivyomshinda mtu aliyecheza mpaka Uingereza. Mzee, shikamoo. Samahani sana. Kaka Ntandu alishinda.

Nyie mnaosafiri, mkimwona mtu mrefu wa kwetu anayetikisa kiuno kabla ya kupiga, msomeeni mstari huo mmoja, kisha mniandikie alivyojibu. Mwandiko wowote utafaa, nasoma polepole pia.