Nilimshinda Tabibu wa Majani

Nilikuta vidonge vya presha vya mama, vya miezi miwili, ndani ya droo ya chumbani kwake. Hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Mwenyewe alikuwa amelazwa wodini kwangu. Kiharusi: mkono wa kulia hauna nguvu, mdomo umepinda.

Mimi ni muuguzi. Dawa zile nampelekea kwa mkono wangu. Kila nikipiga simu: "Mama, umemeza?" "Nimemeza, mwanangu."

Kumbe!

Sasa niwape siri yangu. Nikitoka kazini hoi, starehe yangu ni kubishana mtandaoni. Nilijiita Sindano Moto. Picha sikuweka, na nyumbani hakuna aliyejua.

Kwenye kundi moja la afya kulikuwa na jamaa akijiita Tabibu wa Majani. Anawaambia watu waache vidonge vya presha, wanywe unga wake. Nikamvaa.

"Tapeli wewe! Na wanaokusikiliza ni majuha, ndio wanatujazia wodi!"

Akajibu, "Ndugu yangu, Mungu akubariki. Mimi nasaidia tu."

Nikamshushua mpaka basi. Watu wakacheka, likes zikamiminika. Wiki ile nilitembea kifua mbele.

Basi nikakaa kando ya kitanda cha mama, boksi la dawa mkononi.

"Mama, nani alikwambia uache?"

Maneno yalimtoka kwa shida. "Kuna kundi... kwenye simu. Tabibu mmoja mpole."

"Hakuna aliyempinga?"

"Yupo mmoja. Nilitaka kumwamini huyo. Nikamuuliza, sisi ambao vidonge vinatupa kizunguzungu tufanyeje? Akaniambia nimezidi ujinga, nikalale." Akapumzika kidogo. "Tabibu akanijibu vizuri."

Nilikimbilia chooni na simu. Nikatafuta. Swali lipo, limeandikwa na mtu mwenye picha ya ua na jina la kubuni. Chini yake matusi yangu, na watu sitini wanacheka.

Na jibu nilikuwa nalo! Unarudi kwa daktari, anakubadilishia dawa. Basi.

Niliporudi, mama akauliza, "Yule mkali... unamjua?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

Jamani, mnayebishana naye mara nyingi hang'oki. Anayesikiliza ni yule wa pembeni ambaye hajaamua. Mwandikieni huyo, tena kwa heshima, maana hamjui ni nani.

Wiki ya tatu sasa namfundisha mama kushika kijiko. Kikianguka, ananiomba msamaha.

Mimi wangu bado sijaweza kumwomba.