Mafuta ya Mtoto

Juzi, katika duka moja pale Mlandege, muuzaji alinipa kikopo cha mafuta ya maziwa ya mbuzi. "Haya ni mafuta ya mtoto, bibi," alisema. Ghafla nikajikuta Kalenga ya utotoni mwangu, uani kwa shangazi yangu.

Shangazi alifuga mbuzi. Maziwa yao aliyasukasuka kwenye kibuyu, akachemsha siagi yake, na wanawake wakaja kununua mafuta ya kupaka ngozi iliyopasuka kwa baridi. Mchana huo sufuria ilikuwa ikitokota, harufu ya beberu imejaa uani, na shangazi hakutaka mtu afunue. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, roho juu, maana siku hizo sote tuliogopa chinjachinja, watu waliosemekana kuwachinja wenzao ili wauze damu na mafuta yao.

Mama mmoja akapiga hodi. "Mafuta ya mtoto yapo?"

"Ndiyo kwanza nachemsha," shangazi alijibu.

Nikamkaza mdogo wangu mgongoni. "Ya mtoto gani, shangazi?"

Akanyoosha mwiko kuelekea mgongoni kwangu. "Naanza na huyo. Hebu mlete hapa."

Nilikimbia na mtoto mpaka kwenye mahindi. Walinifuata wakicheka, wakampaka mafuta palepale, naye akatulia, aking'aa kama kitunguu. Mimi sikucheka. Nilimkagua kidole kwa kidole, sikio kwa sikio, nikitafuta walipomkata.

Juzi nilikifungua kile kikopo, nikanusa kwanza.

"Mtoto wa nani?" nikamuuliza muuzaji.