Kila Mwaka Tunapanda Palepale

Mwaka huu tena tumepanda mikoko, na mwaka huu tena maji yameichukua. Nimechoka. Nikisema hivyo shuleni nitaambiwa siyapendi mazingira, kwa hiyo naandika.

Klabu yetu ya mazingira ina desturi yake. Wageni wakija na fulana zao mpya, tunateremka nao hadi kando ya kriki, ule mkono wa bahari, pale basi linapoweza kugeuka na viatu havizami sana, na tunachomeka miche ya mkoko kwenye tope tupu. Mkoko hausumbui: mche wake ni mrefu kama rula, unaudidimiza tu unasimama. Picha zinatoka nzuri. Tunakunywa soda, wageni wanaondoka, kisha maji ya bamvua yanajaa na kubeba kazi yetu yote. Pale hapajawahi kuota mkoko. Ndipo ndege yangeyange wanapotafuta chakula maji yakitoka, na sasa tunawajazia vijiti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mlezi wa klabu ndiye mwalimu wetu wa bayolojia, na haya yote anayajua. Darasani alitueleza vizuri kabisa: mikoko mingi haifi kwa kukosa wapandaji, inakufa kwa kukosa maji kupita. Yarudishe maji, mbegu zitakuja zenyewe. Alichora ubaoni mpaka chaki ikamwishia mkononi. Lakini likitajwa basi la wageni, ubao wote unafutika kichwani mwake.

Nyuma ya nyumba yetu, huku Mjambere, kuna kipande cha kriki kinachoingia ndani kama kidole. Nilipokuwa mdogo kilikuwa na michu mikubwa, jamii ya mikoko, na kaa wenye gando moja jekundu waliokuwa wakinipungia kila nilipotoka kuanika nguo. Mtu mmoja akajenga nyumba ng'ambo, akamwaga kifusi kukatiza kile kidole ili lori lake lipite. Nyumba ikaisha, lori likaondoka, tuta likabaki. Maji ya bahari yakawa yanagota pale na kurudi. Michu ikakauka mmoja mmoja, kaa wakahama, pakabaki harufu na mifuko ya takataka. Tukaanza kusikia watu wakisema, "Pale si pamekufa? Pajazwe tu, pakatwe ploti."

Nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu: pasijazwe. Lakini mimi si msemaji. Hata nikiulizwa swali ambalo jibu lake nalijua, natazama dawati.

Aliyepaokoa hakuwa na habari na mazingira. Mvua za masika zilikosa pa kutokea kwa sababu ya lile tuta, zikaingia jikoni kwetu. Mamangu akawaita wenzake wa jumuiya ya kanisa, wakaja na majembe, sururu na karai, wakaanza kulikata tuta. Mimi nikawa nabeba kifusi. Jirani yetu mmoja akasimama na kikombe chake cha chai.

"Akina mama, mwachimba dhahabu?"

"Twachimba njia, jiko langu litoke majini," mama akamjibu. "Shika sururu, ama upishe, wanikinga upepo."

Akapisha. Jioni maji ya mvua yakatoka, na bahari ilipojaa, maji ya chumvi yakaingia kwa njia ileile.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilirudi. Michu iliyokauka imekauka, imesimama pale kama mifupa. Lakini tondo, wale konokono wa matopeni, walirudi kwanza, kisha kaa, kisha samaki wadogo wanaorukaruka matopeni. Halafu siku moja nikaona vichipukizi vya mchu kandokando, vya kijani kibichi. Hakuna aliyevipanda. Hakuna aliyevipiga picha. Ndege mmoja, mdiria, ameanza kutua kwenye kamba yetu ya nguo, mama anamfukuza asichafue shuka.

Mwalimu alipotupa kazi ya kuchora mahali penye viumbe karibu na nyumbani, nikachora pale. Akaitazama kazi yangu kwa muda mrefu, akasema, "Jumamosi klabu yote itakwenda kuona." Usiku ule sikulala kwa furaha.

Jumamosi wakaja. Na ndoo. Ndoo zimejaa miche ya mkoko.

Mwalimu akakunja suruali, akauingia mfereji waliouchimba akina mama, akakanyagakanyaga. "Hapa ndipo! Tope laini, maji yanafika. Wiki ijayo wageni watapapenda. Leteni miche, tuanze katikati."

Katikati! Kwenye koo lenyewe! Nikasikia mtu akisema, "La, Mwalimu, usipande hapo." Alikuwa ni mimi.

Wote wakageuka. Mwenyekiti wa klabu, ambaye familia yake imehamia kutoka bara, akapiga makofi. "Wasee, kumbe huyu huongea!"

"Sababu?" Mwalimu akauliza.

"Ikikua, itashika takataka na tope. Mfereji utaziba." Sauti yangu ilikuwa kama ya mbu. "Maji yatapita wapi? Ndivyo ulivyotufundisha, Mwalimu."

Akautazama mfereji, akavitazama vichipukizi vya mchu pembeni, na niliona kabisa kwamba ameelewa. Kisha akasema kwa huzuni ya kweli, "Sasa miche yote hii niipeleke wapi? Wageni wanataka kupanda."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikaingia mferejini mwenyewe, na viatu vyangu vya shule, nikasimama pale katikati alipotaka kuanzia. Mwenyekiti akasema nimepagawa. Tope lilinifika kwenye soksi, na kaa mmoja akapanda juu ya kiatu, akashuka upande wa pili.

Mwalimu akapumua. "Haya. Bebeni ndoo, twendeni."

Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi. "We mama! Hizo soksi nyeupe atazifua nani?"

"Abee, nitafua," nikajibu, lakini sikutoka mpaka ndoo ya mwisho ilipopotea kwenye kona.