Betri Juu ya Bati

Mwezi uliopita, kule Bagara, nilimkuta kijana akipitisha mashine ya kutafutia vyuma mahali lilipokuwa shamba la bibi yangu. Alinivalisha visikilizio, akanifundisha: mlio mzito na namba ndogo kwenye kioo, huo ni msumari, mlio mwembamba na namba kubwa, hiyo sarafu. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa jambo geni. Kumbe wivu wa miaka arobaini ulikuwa umeshaamka.

Ilikuwa ile miaka ya foleni za sukari, uji tukinywa na chumvi. Jirani yetu, aliyewahi kufanya kazi na watafuta madini, alirudi nyumbani na mashine yenye mshale badala ya namba. Wakati huo kila mtu aliamini Wajerumani walifukia rupia zao hapa walipokimbia vita. Visikilizio alimpa binti yake, mwenzangu wa darasa la tano. Binti alisikiliza, akatupia mshale jicho, akasema, "Kijiko." Tukachimba, tukakuta kijiko. Watu wazima wakaanza kumwita fundi.

Mimi nilipewa betri. Madukani hazikuwepo, hivyo zilizochoka tulizianika juu ya bati la jiko zipate nguvu. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza, kama dagaa.

Nikaiba rupia ya bibi, aliyoirithi kwa mama yake na kuifunga kwenye pindo la khanga. Nikaifukia kwenye mbaazi. Mchana, jirani alipokaa kula, nilivaa visikilizio, nikaiburuta mashine moja kwa moja hadi pale, nikafumba macho.

"Mlio mwembamba," nikatangaza. "Rupia ya Mjerumani."

Binti alikuwa anatafuna hindi la kuchoma. "Kumbe inasoma na maandishi?" Kisha akatazama paa la jiko. "Na betri si umezianika, wewe?"

Zilikuwa kule, zote sita, nimezipanga vizuri.

Bibi alichimba mwenyewe, akaifuta rupia, akaifunga tena. "Mjukuu wangu anasikia hata mashine iliyolala," alisema, na hadi namaliza chuo kikuu wageni walisimuliwa hivyo mara tu baada ya shikamoo.

Alipofariki, rupia alimwachia yule binti.

Kijana aliniuliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee tu, ingawa mbaazi zimegeuka nyumba, na chini mle iliyobaki ni misumari ya wajenzi. Rupia najua ilipo. Iko Nangara, kabatini kwa yule binti, ndani ya kopo la kahawa, na mwenyewe hunitolea kila nikienda kumsalimia, bila kuombwa.