Daftari la Maneno ya Siri

Kiwanda kilipouzwa, sisi makarani tulipewa bahasha na kuambiwa kwamba mwekezaji ana watu wake. Unga wangu ulimwagika hivyo, mchana kweupe, baada ya miaka mingi ya kupiga taipureta. Sikulia. Nilirudi nyumbani Bigwa, nikapika, nikalala. Miezi michache baadaye mfanyabiashara mmoja akafungua duka la intaneti karibu na soko, akanichukua kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na mwendo.

Watu walidhani kazi yangu ni kompyuta. Kazi yangu ilikuwa barua. Wazee wenye watoto nje ya nchi hawakutaka kujifunza kubofya. Walikuja na maneno yao kichwani, wakakaa kwenye benchi, wakasema, nami nikaandika. Majibu yakija, niliwasomea. Kila mmoja nilimfungulia anwani yake ya barua pepe na neno la siri, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kulikumbuka, yote niliyaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu: jina na neno, jina na neno. Daftari lilikaa juu ya meza. Nani angeona ubaya? Mtu anayekuachia umsomee barua ya mwanawe hana tena cha kukuficha.

Mmoja wao alikuwa mama wa ukoo wetu, mkulima wa kule juu milimani. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo ingawa hakunizaa alikuwa mama yangu, na aliniita mwanangu bila kujilazimisha. Kila Alhamisi alishuka na tenga la karoti na njegere, akauza, kisha akaja kumwandikia mwanawe wa pekee aliyekuwa anasoma Ulaya. Neno lake la siri lilikuwa jina la kijito kinachopita chini ya shamba lake. Yule mwana aliandika kwa mkato, mistari miwili au mitatu. Mama alinitaka niisome tena na tena, kama vile ingeongezeka.

Mwingine aliyekuwa haishi kuja pale ni Msukuma mmoja, dalali wa mpunga wa Dakawa. Wasukuma ni watani wetu, na huyu aliujua utani hasa. Aliingia kwa kelele: "Watumwa wangu, hamjambo? Leo nimekuja kuiba!" Nami nilimjibu, "Iba basi, labda utapata akili." Siku moja akalichukua lile daftari mezani, mbele ya benchi zima, akalitia kwapani. "Nimeteka mali ya Waluguru," akasema. "Mje mlikomboe na kuku."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Kesho yake alilirudisha, na kifurushi cha mchele juu yake, nikamshukuru. Msimu wa mpunga ulipokwisha, akaacha kuja.

Kisha yule mwana kule Ulaya akapata barua kutoka kwenye anwani ya mama yake. Ilisema amelazwa, anangoja upasuaji, atume pesa haraka kwa jina la mtu anayemuuguza. Akatuma alichokuwa amekiweka cha kumalizia masomo. Alipopiga simu parokiani kuulizia hali ya mgonjwa, akajibiwa kwamba mama yake alikuwa kanisani Jumapili ile, anaimba. Akamwomba ndugu yake mmoja wa Dar es Salaam akashtaki polisi.

Wapelelezi wawili walitumwa kutoka huko. Hawakuwa na mashine ya kuandikia, kwa hiyo walikuja dukani kwetu, wakanipa tangazo nilichape. Lilisema wahalifu wa mtandao hawabebi panga wala bunduki, kwamba polisi peke yao hawawezi, na kwamba mwananchi yeyote aliyeona au kusikia jambo lolote, hata dogo, aje aseme. Nililichapa bila kukosea herufi. Nakala moja wakaibandika ukutani, nyuma ya kiti changu.

Alasiri walikusanya watu kwenye ofisi ya kata. Mkubwa wao alikuwa mpole. Alisema, "Ndugu zangu, sisi ni wageni. Nyinyi ndio mnaojua nani anaingia, nani anatoka." Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele. Niliwaza daftari likiwa kwapani mwa yule bwana, nikawaza pia kwamba jambo la utani halipelekwi polisi, na kwamba nikisema nitaulizwa daftari lilikuwa la nani. Sijui nilijificha nyuma ya sababu ipi zaidi. Mpaka leo sina hakika kama ni yeye. Sikunyoosha mkono.

Siku ya pili ilikuwa Alhamisi. Mama alikuja na tenga lake, wakamketisha kwenye benchi aandikishe maelezo. Mwandishi nilikuwa mimi.

"Mama," mpelelezi akauliza, "neno lako la siri analijua nani? Sema usiogope. Huyo aliyelitoa, leo tunaondoka naye."

Mama alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Nalijua mimi peke yangu, baba."

Nilingoja vidole vyangu vikatae. Havikukataa. Niliandika: neno la siri nalijua mimi peke yangu. Akaweka dole gumba lenye wino. Hakuna aliyeuliza mtu asiyejua kusoma anafunguaje barua pepe. Walikuwa wanataka kuwahi safari ya kurudi.

Walipoondoka nikamfuata nje. "Mama, kwa nini?"

"Mimi mzee, watanifanya nini? Wewe una watoto, mwanangu."

Nilipaswa kulia pale. Nikarudi ndani, mteja alikuwa ananisubiri.

Yule ndugu wa Dar es Salaam akampelekea mwana nakala ya maelezo. Jibu lake lilifika mama akiwa ameketi benchini, amejifuta vumbi miguuni, anangoja. Liliandikwa: "Mama, nimesoma maelezo yako. Kama neno unalijua peke yako, basi barua ile uliituma wewe. Usiniandikie tena."

"Amesemaje?" akauliza.

Nikamsomea: "Mama, shikamoo. Mimi mzima. Pole kwa usumbufu wa polisi. Yamekwisha, mama yangu, usiwe na wasiwasi."

Akashukuru Mungu kwa sauti. Akanitaka niisome tena, nikairudia neno kwa neno. Kumbe nilikuwa nimeshaikariri.

Tangu hapo kila Alhamisi nilimsomea barua ya mwanawe. Nilimpa mwana huyo baridi, mitihani, kazi ya jioni, rafiki aliyemsalimia mama. Yale aliyoyasema mama niliyaandika yote, kisha nikayafuta akishatoka. Mara nyingi nilianza kumwandikia yule mwana ukweli. Kila mara nilifika kwenye neno daftari, nikaacha. Tangazo lilikuwa bado ukutani nyuma yangu, limepauka, linawaomba wananchi waje kusema.

Alhamisi moja mama alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kanga yake vizuri, akatabasamu.

"Siku hizi anaandika vizuri," alisema. "Zamani alikuwa na mkato sana, mpaka nikadhani hanipendi."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akaniachia fungu la karoti mezani, akaanza kupanda mlima.